Kufungua Mto

Mwaka 2012, katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio huko Singapore, Mto Kallang ulitolewa ndani ya mfereji wa zege. Mfereji ulinyooka kama rula, kilomita 2.7. Mto uliporudishiwa mapindo yake, ukafika kilomita 3.2. Tendo hilo tuliiteje?

Ripoti husema “kukarabati mto”. Sikubali. Hukarabatiwa nyumba, barabara, gari, vitu vya mkono wa mtu.

“Kufufua” lina utamu wake, maana ndani yake mna -fu, yaani mauti yaliyogeuzwa. Lakini Kallang haukufa. Maji yalipita kila siku, yamebanwa. “Kuhuisha”, la hai, lina dosari ileile. Kilichofungwa hufunguliwa, basi tuseme kufungua mto. Jikoni tunasema “fungulia maji” na hakuna anayeuliza maana.

Saruji ya zege lililoufunga nisiisingizie. Neno ni la Kiajemi, na kule Oman ni lipu ya udongo uliochomwa, waliyoikandikia falaji, yaani mifereji yao ya umwagiliaji, ili maji yasipotee. Lilitufikia likiwa limeshazoeana na maji.

Mfereji hupeleka maji anakotaka mtu, mtaro huondoa asiyoyataka. Kijito kina njia yake. Mti huzaa kijiti, mto huzaa kijito, na ile -ji- ya katikati naipenda, kama tone linalodondoka. Kijitonyama ya Dar es Salaam, Kijitoupele ya Unguja: nyumba zimejaa, kijito kingali mdomoni. Ila mtoto wa mjini ukimuuliza maji ya mvua yanakwenda wapi, atakujibu, “Mtaroni.”

Na mapindo? Nimeona pameandikwa “kona za mto”. Kona ni ya daladala! Tunalo neno la mwambao, kizingo, pindo la mto au la pwani, ambalo Mombasa limebaki jina la mtaa. Zile mita 500 za ziada za Kallang ni vizingo vitupu.

Mtoni humo wamehamia fisi maji. Jina hili linaniuma. Mnyama huyu hana habari na mizoga. Humkamata samaki angali hai, akamshika kwa mikono miwili na kumtafuna kuanzia kichwani. Mimi ningemwita mvuvimto, ila kabla hatujaliandika kamusini tuwaulize wavuvi wa Ziwa Victoria, wanaogombania naye nyavu, wao humwitaje.