Taa za onyo za gari

Taa za onyo za gari ni taa ndogo au alama kwenye dashibodi zinazomjulisha dereva kwamba sehemu fulani ya gari ina hitilafu, imefikia kiwango cha hatari au inahitaji matengenezo. Katika magari mapya kazi hiyo hufanywa pia na skrini yenye ujumbe wa maandishi, na mara nyingine na sauti. Kila taa huwashwa na swichi, kihisi au kompyuta ya gari, kwa hiyo huonyesha tu kile kilichowekewa kipimo. Mkanda wa taiming uliochakaa, tairi lililokwisha kashata au mafuta ya breki yaliyozeeka havina taa katika magari mengi. Kwa sababu hiyo dashibodi isiyo na taa yoyote inayowaka si ushahidi kwamba gari ni zima.

Historia

Magari ya mwanzo yalitumia mishale kuonyesha shinikizo la oili, joto la maji na chaji ya betri. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ilianza kuweka taa badala ya baadhi ya mishale hiyo, na kampuni nyingine zikafuata kwa kuwa taa ni rahisi kutengeneza na haihitaji dereva kusoma vipimo. Wapenzi wa magari wa Marekani walizibandika jina la kejeli, "taa za wapumbavu". Kejeli hiyo ina ukweli ndani yake: mshale huonyesha joto likipanda kidogo kidogo, ilhali taa huwaka mambo yakiwa yameshaharibika.

Badiliko kubwa lililofuata lilitokana na moshi. Jimbo la California liliagiza kwamba magari ya modeli ya mwaka 1988 na kuendelea yawe na kompyuta inayojipima yenyewe na kuwasha taa ikiona hitilafu katika mfumo wa kudhibiti moshi. Kuanzia modeli ya mwaka 1996 Marekani yote ilitumia mfumo mmoja uitwao OBD-II, wenye soketi ya pini 16 karibu na usukani. Umoja wa Ulaya ulilazimisha mfumo wa namna hiyo kwa magari mapya ya petroli tangu mwaka 2001. Michoro ya taa zenyewe imewekewa kiwango cha kimataifa, ISO 2575, na ndiyo maana birika la oili linafanana katika magari ya Japani, Ujerumani na Korea.

Rangi na kuwaka kwa majaribio

Nyekundu humaanisha hatari: dereva asimame mara tu atakapopata mahali salama. Njano humaanisha kasoro inayohitaji kuangaliwa mapema, ingawa kwa kawaida gari linaweza kuendelea na safari. Kijani na buluu hutoa taarifa tu, kwa mfano kwamba taa kubwa zimewashwa. Magari mengi madogo ya Japani yasiyo na mshale wa joto yana taa ya buluu ya kipimajoto, ambayo huwaka injini ikiwa bado baridi na kuzimika baada ya dakika chache. Hiyo si hitilafu.

Ufunguo unapofikishwa kwenye nafasi ya ON kabla ya kuwasha injini, taa karibu zote za onyo huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika, au huzimika injini inapowaka. Huo ni ukaguzi wa taa zenyewe. Anayenunua gari lililotumika anapaswa kuutazama kwa makini, kwa sababu muuzaji asiye mwaminifu anaweza kung'oa balbu au kuziba taa kwa utepe mweusi. Taa ya injini au ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa wakati huo ni dalili mbaya kuliko taa inayowaka.

Taa ya oili

Mchoro wake ni birika lenye tone mdomoni. Ni taa inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa kuwa wengi hudhani inapima kiasi cha oili. Katika magari mengi inapima shinikizo. Swichi iliyofungwa kwenye injini huwasha taa shinikizo likishuka hadi chini sana, kwa kawaida kati ya baa 0.3 na 0.5, ilhali injini inayokimbia barabarani huhitaji baa kadhaa.

Shinikizo hilo ndilo linaloweka utando mwembamba wa oili kati ya krenki na beringi zake. Utando ukikosekana, chuma husagana na chuma, beringi huyeyuka, na injini hunoki. Hayo yanaweza kutokea kwa dakika moja au mbili, na gharama yake mara nyingi ni injini nyingine. Kwa hiyo taa hii ikiwaka gari likiwa katika mwendo, dereva huegesha na kuzima injini papo hapo. Kujaribu kufika kituo cha mafuta kinachoonekana mbele kumeua injini nyingi.

Baada ya kusubiri dakika chache, oili hupimwa kwa kijiti chake, gari likiwa mahali tambarare. Ikiwa imepungua, huongezwa ya aina inayofaa, na taa inapaswa kuzimika injini ikiwashwa. Ikiwa oili imejaa na taa bado inawaka, gari livutwe. Huenda pampu imechoka, chujio lake limeziba kwa tope la oili iliyokaa muda mrefu, au swichi yenyewe imekufa. Fundi hutofautisha kwa kufungua swichi na kufunga kipimo cha shinikizo mahali pake. Kubadilisha swichi kwa kubahatisha bila kupima ni kucheza kamari na injini.

Kuna dalili inayotangulia: taa kuwaka kwa nukta moja gari linapokata kona, linapofunga breki au linapopanda mlima. Oili iliyopungua huenda upande mmoja na pampu hufyonza hewa. Gari linaloonyesha hivyo linaweza kuwa limebaki na nusu tu ya oili yake.

Joto la injini

Taa nyekundu ya kipimajoto au mshale ulioingia sehemu nyekundu humaanisha kwamba injini inachemsha. Sababu za kawaida ni maji kuvuja, feni kutofanya kazi, themostati kukwama, pampu ya maji kuchoka au rejeta kuziba. Kichwa cha injini cha aluminiamu kikipata joto kupita kiasi hupinda na gasketi yake huungua, kisha maji huchanganyika na oili. Dereva azime kiyoyozi, aegeshe na kuzima injini. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi ukiwa moto, kwa kuwa maji yaliyo ndani yana shinikizo na huruka usoni yakichemka. Vilevile maji baridi yakimwagwa ghafla katika injini iliyokauka yanaweza kuipasua.

Mshale uliopanda kisha ukashuka ghafla wenyewe si lazima uwe habari njema. Maji yakiisha kabisa, kihisi hubaki katika mvuke badala ya maji na kinaweza kuonyesha joto la chini huku injini ikiungua.

Katika nchi za joto wengi huweka maji ya bomba wakiamini kwamba kulanti ni ya nchi za theluji. Kulanti huzuia kuganda, lakini pia huzuia kutu ndani ya injini na rejeta, hulainisha pampu na huongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemkia. Maji matupu yanafaa kwa dharura tu.

Betri na breki

Taa ya betri haisemi kwamba betri ni mbovu. Inasema kwamba haipati chaji. Betri nzima iliyotulia huwa na volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka alteneta huipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Mara nyingi tatizo ni alteneta au mkanda uliokatika. Katika injini nyingi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, kwa hiyo taa ya betri ikifuatwa na joto kupanda, safari imekwisha. La sivyo, gari linaweza kuendelea kwa muda mfupi kwa umeme uliobaki, redio na kiyoyozi vikizimwa.

Taa nyekundu ya breki huwaka breki ya mkono ikiwa imevutwa, na pia mafuta ya breki yakipungua. Mafuta hayo hushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyokwisha, kwa sababu pistoni husogea mbele na kuchukua nafasi zaidi. Kuongeza mafuta bila kukagua pedi huzima taa na kuficha pedi zilizokwisha. Yakipungua kwa haraka, kuna mvujo, na gari lisiendeshwe. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zinafanya kazi lakini magurudumu yanaweza kujifunga kwenye utelezi. Zikiwaka pamoja na nyekundu, mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na nyuma unaweza kuwa umepotea.

Taa ya chekinjini

Taa hii ya njano huwaka kompyuta inapoona kipimo kisicho cha kawaida katika uchomaji wa mafuta au usafishaji wa moshi. Ikiwaka bila kupepesa, gari lipelekwe kupimwa karibuni. Ikipepesa, silinda moja au zaidi inamisi kiasi kwamba petroli isiyoungua inaingia katika kichujio cha moshi, ambacho mafundi wengi wa Tanzania hukiita masega, na kukichoma. Dereva apunguze mwendo na asikanyage sana mafuta. Chanzo mara nyingi ni plagi au koili, ambavyo ni rahisi kuliko masega.

Mashine ya kupimia husoma msimbo wa herufi moja na tarakimu nne. Herufi P huhusu injini na gia, B bodi, C mifumo ya breki na usukani, na U mawasiliano kati ya kompyuta. P0301 ni kumisi kwa silinda ya kwanza. P0171 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli. P0420 ni masega yanayofanya kazi chini ya kiwango. Msimbo hutaja dalili, hautaji kifaa cha kununua. P0171, kwa mfano, inaweza kutokana na mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya petroli iliyochoka au kihisi cha hewa kilichochafuka. Anayebadilisha kihisi cha oksijeni kwa sababu tu msimbo umetokea hulipia ubahatishaji.

Kufuta msimbo, au kuchomoa betri, huzima taa bila kutengeneza kitu. Hata hivyo kompyuta huanza upya majaribio yake, na mashine nzuri huonyesha kwamba hayajakamilika. Gari linalouzwa likiwa katika hali hiyo huenda lilifutwa siku hiyohiyo.

Magari ya dizeli yana taa nyingine ya njano yenye umuhimu mkubwa: ile ya maji katika filta ya dizeli. Maji hayo yasipotolewa kwa kufungua skrubu chini ya filta, huharibu pampu na nozeli, ambazo ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi vya gari.

Magari yaliyotoka Japani

Magari mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda yaliingizwa yakiwa yametumika Japani, na ujumbe wake huwa kwa Kijapani. Michoro inabaki ileile, lakini maandishi ya skrini na sauti humwacha dereva gizani. Sauti ya kike inayosikika kila gari linapowashwa kwa kawaida hutoka katika kifaa cha kulipia barabara za Japani, ikisema kwamba kadi ya ETC haijawekwa. Haina uhusiano na hali ya gari, na kifaa kinaweza kuondolewa.

Vibandiko vya Kijapani vina faida zaidi. Kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti huandikwa tarehe na kilomita ambapo oili au mkanda wa taiming ulibadilishwa. Mwaka unaweza kuwa wa enzi ya mfalme: katika enzi ya Heisei huongezwa 1988, na katika enzi ya Reiwa 2018. Hivyo Heisei 27 ni mwaka 2015, na Reiwa 3 ni 2021. Kilomita za kibandiko zikizidi zile za dashibodi, kipimo cha kilomita kimerudishwa nyuma.

Matengenezo yasiyo na taa

Oili ya kawaida hubadilishwa pamoja na filta yake kila kilomita 5,000 hivi, na ya sintetiki mara nyingi kila 10,000, kitabu cha gari kikiwa ndicho mwamuzi. Foleni na vumbi hufupisha muda huo. Filta ya hewa katika barabara za vumbi haiwezi kungoja ratiba ya kitabu.

Mkanda wa taiming hubadilishwa katika injini nyingi karibu na kilomita 100,000. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu. Baadhi ya magari ya dizeli ya Toyota yana taa ya T-BELT inayowaka kilomita zikifika, lakini inahesabu mwendo tu na haioni mkanda. Injini nyingine, kama 1NZ-FE ya Toyota IST, hutumia mnyororo na hazina mkanda huo.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, hivyo hubadilishwa takriban kila miaka miwili. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakishaingia maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, breki zenye mafuta ya zamani zinaweza kuchemsha, pedali ikazama hadi sakafuni, na mafuta yakiwa bado yamejaa chomboni hakuna taa itakayowaka. Kushuka kwa gia ndogo hupunguza joto hilo.

Matairi hukaguliwa kwa macho na kwa kipimo cha upepo. Katika Umoja wa Ulaya kashata isipungue milimita 1.6. Umri wa tairi husomwa ubavuni katika tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Marekani ililazimisha taa ya upepo katika magari madogo mapya yote tangu Septemba 2007, ikiwaka tairi likipungukiwa asilimia 25 au zaidi. Hata taa hiyo haioni tairi lililozeeka na kupasuka nyufa huku likiwa na upepo kamili.