Mhamachama: Utetezi wa Istilahi Moja ya Siasa

Rasimu ya istilahi za siasa inayozungushwa kwa wahariri na walimu wa Kiswahili imempa mwanasiasa anayetoka chama kimoja na kuingia kingine jina la "mvuka sakafu". Tendo lenyewe imeliita "uvukaji sakafu". Siwezi kulinyamazia jambo hili. Katika ukanda wetu, tangu Shinyanga mjini hadi Kahama, na kutoka hapo hadi Bukombe na Geita, watu wamewashuhudia wanasiasa wakibadili vyama tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Sijamsikia hata mmoja akisema kwamba fulani kavuka sakafu. Wanasema fulani kahama chama. Kamati iliyoandaa rasimu ilikuta neno limekwishatengenezwa na wenye lugha, ikalipita na kwenda kuazima la mbali.

Na lilikoazimwa kunajulikana. Katika Bunge la Uingereza, wabunge wa chama tawala na wale wa upinzani huketi wakitazamana, katikati kukiwa na nafasi wazi ya sakafu. Anayebadili upande huikatiza nafasi hiyo, akaketi na waliokuwa wapinzani wake jana, huku ubunge wake ukibaki palepale. Winston Churchill alifanya hivyo mwaka 1904 alipowaacha Wahafidhina na kujiunga na Waliberali, na katika miaka ya 1920 akarejea alikotoka. Kwa Waingereza, basi, usemi huo unaeleza kitu kinachoonekana kwa macho.

Kwetu hauelezi chochote. Ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inamvua ubunge yeyote anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Ibara ya 67 inadai kila mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki ya mgombea binafsi miaka mingi mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki. Pamoja na hukumu hiyo, sharti la chama limebaki. Kwa hiyo mbunge wa Tanzania anayekiacha chama chake haivuki sakafu yoyote ya Dodoma. Anatoka nje ya ukumbi kabisa, na njia ya kurudi ni kuingia chama kingine, kuteuliwa, kisha kupigiwa kura upya. Istilahi inayomwonyesha akitembea kutoka benchi hadi benchi inawafundisha wanafunzi sheria isiyokuwepo.

Istilahi hupimwa kwa watu halisi. John Shibuda alikuwa mbunge wa Maswa kwa tiketi ya CCM, wakati Maswa ikiwa bado mkoani Shinyanga kabla ya Simiyu kuundwa mwaka 2012. Katika uchaguzi wa 2010 alisimama kwa tiketi ya CHADEMA na kulitwaa jimbo la Maswa Magharibi. Mwaka 2020 jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura ya urais, safari hii kwa ADA-TADEA. James Lembeli aliiwakilisha Kahama kwa CCM kuanzia 2005, na ndiye aliyeongoza kamati ya Bunge iliyochunguza Operesheni Tokomeza, ule msako wa majangili, mwaka 2013, uchunguzi uliowang'oa mawaziri wanne. Julai 2015 aliingia CHADEMA, akagombea Kahama Mjini, akashindwa na Jumanne Kishimba wa CCM. Mwaka huohuo Khamis Mgeja, aliyekuwa mwenyekiti wa CCM mkoa wa Shinyanga, alimfuata Waziri Mkuu wa zamani Edward Lowassa CHADEMA. Lowassa mwenyewe alirejea CCM tarehe 1 Machi 2019.

Kisha yupo Patrobas Katambi, ambaye njia yake ilielekea upande wa pili. Mwaka 2015 aligombea ubunge wa Shinyanga Mjini kwa CHADEMA na kushindwa na Stephen Masele wa CCM. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa BAVICHA, baraza la vijana la chama chake. Novemba 2017 alipokewa CCM mbele ya Halmashauri Kuu ya chama hicho, Ikulu ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Dodoma, na mwaka 2020 akalipata jimbo lilelile la Shinyanga Mjini, sasa kwa tiketi ya CCM, akawa naibu waziri.

Hapa kuna watu wanne wa eneo moja: Shibuda, Lembeli, Mgeja na Katambi. Wawili walihama wakiutafuta ubunge mpya, mwingine akiwa na uongozi wa chama tu, mwingine akiwa hana kiti cha kupoteza. Mgeja na Katambi hawakuwa wabunge walipohama, hivyo "mvuka sakafu" haliwagusi hata kwa mbali. Lakini mpiga kura wa Ngokolo au Kambarage, Shinyanga mjini, anaona wote wanne wametenda jambo moja. Istilahi isiyoweza kuwabeba wote wanne haijakamilika.

Wapo watakaosema kwamba maneno tunayo tayari. Nakubali yapo, na ubaya wake ni kwamba yana hukumu ndani yake. Chama kinachoachwa humwita anayeondoka "msaliti". Chama kinachompokea husema "amerudi nyumbani", na kati ya 2017 na 2019, wabunge na madiwani wa upinzani walipojiuzulu mmoja baada ya mwingine na chaguzi ndogo zikafuatana, usemi uliotawala ulikuwa "kuunga mkono juhudi". Mtu mmoja, siku moja, ni msaliti kwenye mkutano wa hadhara huu na ni muunga juhudi kwenye ule. Mwandishi wa habari akichagua neno moja kati ya hayo amekwisha kuchagua upande kabla ya kuandika sentensi ya pili. Mtunga kamusi hana ruhusa ya kufanya hivyo, na mwalimu wa uraia vilevile. Tunahitaji neno ambalo katibu wa chama kilichoachwa na katibu wa chama kilichopokea wanaweza kulitamka wote wawili bila kujing'ata ulimi.

Neno hilo ni mhamachama.

Tulianze kwenye mzizi. Kitenzi "hama" ni cha Kibantu na jamaa zake wametapakaa. Msukuma akihamisha mji wake husema "kusama". Wakikuyu na Wakamba wana "thaama" kwa maana ileile. Kila penye "hama" pana kuondoka mahali pa kukaa na kwenda kukaa pengine, yaani pande mbili za safari kwa pigo moja. Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wanaopigania "mguraji", kutokana na "gura" ambalo magazeti ya Kenya yamelizoea. Gura lataja kuondoka, halafu linamwacha mtu njiani. Tena, mwenye kuishi Kahama au Geita atalisikia neno hilo redioni pekee, wakati "hama" analitumia kila siku. Wakenya wana haki ya kulishika lao, maana hata historia yao ni tofauti: sheria yao ya kumvua kiti mbunge aliyehama ilitungwa mwaka 1966, Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU na kuunda KPU, ikazaa ule ulioitwa "uchaguzi mkuu mdogo". Lakini kuwalazimisha Watanzania waseme "gura" kwa sababu tu lina sura ya ukale ni ushabiki wa wapenda maneno adimu.

Tuitazame na sarufi. "Hama" hukubali kufuatwa na jina moja kwa moja: mtu huhama nyumba, huhama mtaa, huhama shule. Mchimbaji mdogo wa Geita huhama duara, yaani shimo, lisilotoa dhahabu na kwenda kwenye rashi, yaani machimbo mapya. Kwa hiyo "kuhama chama" si umbo la kubuni, limetoka kwenye desturi ya lugha. Na kitenzi kinapofuatwa na jina lake, Kiswahili hukijengea mtendaji bila taabu: mfanyabiashara, mpigakura. Mhamachama anaingia katika safu hiyo kama aliyezaliwa humo. Angalieni pia anavyokaa kando ya "mwanachama". Mwanachama ni wa chama. Mhamachama ni yule aliyekiacha kimoja na kushika kingine. Maneno hayo mawili yanaishia na neno moja, na sikio linaupata uhusiano wao pasipo maelezo.

"Chama" nacho kina ukoo mrefu kuliko siasa. Wakikuyu wana "kĩama", baraza la wazee. Waswahili wa pwani walikuwa na vyama vya ngoma, na Wasukuma wana Bagalu na Bagika, makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana msimu kwa msimu, ambamo kuingia kulikuwa na dawa na masharti yake. Shinyanga, wazee wengi walilijua neno "chama" kupitia ushirika wa pamba kabla ya kulijua kupitia kadi ya siasa. Neno lenye mizizi kama hiyo likiunganishwa na "hama" halihitaji kamati ya kulifafanua.

Wahindi walifika hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1967 katika jimbo la Haryana, mbunge Gaya Lal alibadili chama mara tatu ndani ya wiki mbili, na jina lake likageuka msemo wa nchi nzima. Ilichukua hadi 1985 India kuifanyia Katiba yake marekebisho ya kuwavua viti wanaohama. Lakini watu wa kawaida hawakuisubiri sheria wala istilahi ya London. Kwa Kihindi walimwita "dal-badlu": dal ni chama, na badlu latokana na badalna, kubadili, lenye asili moja ya Kiarabu na "badili" letu. Kitenzi na chama, basi. Ndivyo lugha iliyo hai inavyofanya kazi.

Wapo wanaodai kwamba neno lililotoka kwa wananchi wa bara halina hadhi ya istilahi. Wakumbuke kwamba "ikulu" lilikuwa makao ya mtemi huku kwetu Usukuma na Unyamwezi kabla ya kuwa makao ya Rais, na kwamba "ng'atuka" lilitoka Uzanaki na kuenea nchi nzima kwa kinywa cha Mwalimu Nyerere. Bukombe, iliyokuwa Shinyanga na sasa iko Geita, iliwahi kumpeleka bungeni Profesa Kulikoyela Kahigi, mwanaisimu na mshairi wa Kiswahili, kwa miaka mitano kuanzia 2010. Eneo lililozaa maneno na wanaisimu wa namna hiyo halistahili kuambiwa kwamba lugha yake ni ya mitaani. Ndivyo nilivyojibiwa nilipolipeleka pendekezo hili kwenye kikao kimoja, na jibu hilo halikuambatana na hoja hata moja.

Najibu sasa mashaka mawili ya kweli. La kwanza: kwa nini tusiseme "uhamaji" tu? Kwa sababu mhamaji, mikoani Shinyanga na Geita, ni mfugaji anayefuata malisho, na "uhamiaji" tumekwisha kuipa idara ya pasipoti. La pili: anayeachana na ushirika wa pamba naye si mhamachama? Muktadha utasema, kama unavyosema kwa "mwanachama" na hakuna anayepotea.

Mpaka wa neno ni huu: mhamachama ameondoka kwa hiari yake na kuingia kwingine. Aliyefukuzwa si mhamachama. Wale wabunge 19 wa viti maalumu ambao CHADEMA iliwavua uanachama Novemba 2020, wakaendelea kuketi bungeni, walizua mgogoro wa aina nyingine kabisa, na kuwachanganya na akina Katambi au Lembeli ni kuharibu uchambuzi. Zitto Kabwe naye alifukuzwa kwanza mwaka 2015, ndipo akaingia ACT-Wazalendo. Anayerejea alikotoka, kama Lowassa, ni mhamachama aliyerejea. Hahitaji jina jipya.

Matumizi ni mepesi: mhamachama, wahamachama, uhamachama, kitenzi kibaki "kuhama chama", na kwa mwenye mazoea hayo, "kuhamahama vyama".

Ninalisisitiza neno hili kwa sababu kuhama kwenyewe, kwa watu wa huku, si fedheha wala sifa. Maelfu ya Wasukuma walihamia Geita katika karne iliyopita wakitafuta ardhi na malisho, na wengine wakawafuata kwa ajili ya dhahabu. Jirani hamuulizi mgeni aliyehamia kwa nini amehama ili amhukumu papo hapo, humtazama atakavyoishi. Mpiga kura naye ana haki hiyo kwa mwanasiasa: kujua kwamba huyu amehama, lini, kutoka wapi, kwenda wapi, kisha aamue mwenyewe kwa kura yake, kama Kahama ilivyoamua mwaka 2015 na Shinyanga ilivyoamua mwaka 2020. "Msaliti" linamnyang'anya uamuzi huo. "Kuunga juhudi" linamnyang'anya vilevile. "Mvuka sakafu" halimpi hata habari. Kamati ikilikataa mhamachama, ilete neno linalofanya kazi hiyo vizuri zaidi, na ilitetee hadharani kwa hoja kama nilivyofanya hapa.