Ugomvi wa Maprofesa Wawili Ndani ya Bika ya Plastiki

Mwaka 2027 watahiniwa wa mwisho watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, na mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 utafungiwa kabatini. Mengi yatasahaulika upesi. Lakini aliyesoma kemia ya Kidato cha Nne, awe Bura, Mwatate au Voi, anaikumbuka bika ya plastiki iliyozungushiwa gazeti. Unamimina asidi ya haidrokloriki ya molari 2, sentimita za ujazo 50, unaongeza sodiamu haidroksaidi ya kiasi hicho hicho, unakoroga (kwa kipimajoto, mwalimu akigeuka) na kutazama joto likipanda kutoka nyuzi 25 hadi karibu 38. Kisha hesabu: gramu 100 mara 4.2 mara nyuzi zilizoongezeka, ugawanye kwa moli za maji yaliyotokea, upate badiliko la enthalpi.

Bika hiyo ni kalorimita, yaani chombo cha kupimia joto, na ukoo wake ni wa kale. Wanasayansi Lavoisier na Laplace walimfungia simbilisi ndani ya chombo cha barafu jijini Paris, majira ya baridi ya 1782 na 1783, wakapima maji ya barafu iliyoyeyuka. Mwaka 1840 mkemia Hess, kule St Petersburg, akaonyesha kwamba jumla ya joto haibadiliki hata mmenyuko ukipita njia nyingine.

Baada ya hapo wakaja Julius Thomsen wa Copenhagen na Marcellin Berthelot wa Paris, ambao hawakupatana hata kidogo. Helge Kragh, mwanahistoria wa Denmark, aliandika juu ya Thomsen mwaka 1984, na kwake ndiko ninakoegemea. Mwaka 1854 Thomsen alidai kwamba joto linalotoka ndilo kipimo cha nguvu inayovutanisha dutu. Miaka ya 1870 Berthelot akatangaza wazo la namna hiyo kama kanuni yake kuu. Thomsen alikuja juu: wazo ni langu! Tangu hapo kila mmoja akawa anachokonoa vipimo vya mwenzake.

Haukuwa ugomvi wa watu sawa. Thomsen alikuwa mpimaji aliyekamilisha majaribio zaidi ya 3,000, mengi kwa mkono wake mwenyewe. Berthelot alikuwa seneta wa maisha, akawa waziri wa elimu, kisha wa mambo ya nje, na alitaka sayansi ishike nafasi ya kanisa. Alipofariki mwaka 1907 alizikwa Panthéon pamoja na mkewe, aliyefariki siku ile ile.

Na wote wawili walikosea. Tia amonia naitreti kwenye maji: inayeyuka yenyewe, bila kulazimishwa, na kipimajoto kinashuka. Kama joto linalotoka ndilo linaloamua dutu zivutane au la, hilo lisingetokea. Maprofesa walitafuta visingizio kwa miaka. Mwanafunzi wa Bura huliona jambo lenyewe kwa dakika mbili. Haki ya Berthelot nimpe: kalorimita yake ya bomu ya mwaka 1881 ndiyo mzazi wa vyombo vinavyopima nishati ya makaa na vyakula hadi leo.

Gredi ya 10 ya mtaala mpya ilianza Januari 2026, na watakaolifanya jaribio hili ni waliochagua kemia tu. Naona ni hasara, maana hakuna kalorimita rahisi kuliko ile ya gazeti. Kwa mmenyuko huo huo Thomsen alipata karibu kilokalori 13.7 kwa kila moli ya maji, yaani kilojuli 57, tarakimu ambayo bado imo vitabuni ingawa darasani jina lake halitajwi. Kwenye bika ya plastiki mtahiniwa hupata 52 hivi, kwa sababu joto jingine limekwenda kwenye plastiki, kioo cha kipimajoto na hewa. Hakatwi alama kwa hilo: jibu lake hulinganishwa na la mwalimu wake, aliyefanya jaribio kwa vifaa vile vile.