Boma la Arusha na Mawe Yake

Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yasimikwe Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake wapate jibu. Nasi Arusha tunayo mawe ya kuulizwa. Mwishoni mwa Barabara ya Boma zimesimama kuta nyeupe za ngome ya Wajerumani, ambayo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Watoto wetu huenda huko kutazama wanyama. Ni wajibu wetu kuwaeleza pia habari za kuta zenyewe.

Mwezi Oktoba 1896, wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri kuanza kazi ya Injili kati ya Wameru. Kapteni Johannes na askari wake walikuwa wamepiga kambi jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 20, morani wa Kiarusha na Kimeru waliwavamia na kuwaua, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Machoni pa morani, mhubiri na askari walikuwa wageni wa safari moja.

Kisasi kilikuwa kikali. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakatwaliwa. Kati ya 1899 na 1900 ngome ikajengwa, na waliobeba mawe na chokaa kwa kulazimishwa walikuwa Waarusha na Wameru wenyewe. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli. Boma likabaki makao ya askari na ya utawala, na baadaye likawa ofisi za serikali.

Misheni ilirudi Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Waliokaribishwa kuisikia Injili walikuwa watu ambao mabega yao yalikuwa yamebeba mawe yale, na ambao ndugu zao walikuwa wameuawa. Kwamba baadhi yao waliamini, hiyo ndiyo ajabu ya neema. Si kazi ya ngome.

Kwa hiyo, tuwaheshimu Ovir na Segebrock. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Tuwataje pia Wachaga waliokufa nao, waliofyekewa migomba, na waliobeba mawe. Kanisa lisiloogopa kuungama historia yake ndilo linaloweza kuhubiri upatanisho na likasadikiwa.