Gobore la Ukoo kama Hati ya Historia: Silaha za Urithi na Kumbukumbu Zake Tanzania Bara tangu Karne ya 19

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vitu vinavyorithiwa katika koo za Tanzania Bara, gobore lina hali ya pekee. Kigoda, mkuki au ngoma ya marehemu vinaweza kuwekwa hadharani bila mrithi kuulizwa neno, gobore haliwezi. Ni kumbukumbu ya aliyefariki na papo hapo ni silaha inayohitaji leseni. Anayelirithi hupokea mambo mawili kwa mkupuo mmoja: simulizi ambayo ukoo unataka idumu, na wajibu wa kisheria ambao huenda marehemu mwenyewe hakuutimiza.

Gobore, au gobori kama linavyoandikwa katika baadhi ya kamusi, ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu kwa kutumia mdeki. Wanahistoria wameichunguza silaha hii zaidi kama bidhaa ya biashara na chombo cha vita. Uhai wake wa baadaye, yaani miongo mingi ya kukaa darini au nyuma ya mlango ikitajwa kwa jina la babu, haujapewa uzito unaostahili. Insha hii inajenga hoja kwamba kumbukumbu iliyoambatana na gobore la ukoo haikuundwa na ukoo peke yake. Sheria za silaha, tangu mwaka 1890, zimeshiriki kuamua silaha ipi irithiwe na simulizi ipi isemwe juu yake. Kwa hiyo, gobore ni hati ya historia, lakini ni hati inayopaswa kusomwa sambamba na sheria.

2.0 Kuingia kwa gobore katika koo

Bunduki zilifika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya karne ya 19, lakini kuenea kwake bara kulitokana na biashara ya misafara iliyopanuka chini ya masultani wa Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta bunduki na baruti pamoja na kitambaa kilichopata jina la merikani. Kampuni za Hamburg na nyinginezo za Ulaya zilifuata. Tangu miaka ya 1860, majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki zinazojazwa risasi kwa nyuma, shehena kubwa za silaha zilizopitwa na wakati ziliuzwa kwa bei ndogo. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Hata kama makadirio hayo yalikuzwa ili kuhimiza udhibiti, yanaonyesha kwamba bunduki ilikuwa imekoma kuwa mali ya watawala na matajiri pekee.

Katika Unyamwezi, njia za kuipata zilikuwa nyingi. Wapagazi walirudi nayo kutoka pwani, wawindaji wa tembo waliinunua kwa pembe, na vijana walioitwa rugaruga waliishika wakiwa chini ya viongozi kama Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, na Nyungu ya Mawe wa Ukimbu. Msafara ulipokaribia mji, bunduki zilifyatuliwa hewani kutangaza kuwasili. Hivyo mlio wa gobore ulikuwa pia lugha ya heshima, na mwenye gobore alikuwa mtu anayesikika.

3.0 Sheria iliyochagua silaha ya kurithiwa

Swali la msingi ni kwa nini silaha inayopatikana kama urithi ni gobore, na si bunduki zenye nguvu zaidi zilizokwisha kufika bara kabla ya ukoloni. Jibu limo kwa kiasi kikubwa katika Mkataba wa Brussels uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Kwa maelezo ya kupambana na biashara ya watumwa na vita vya ndani, mkataba huo ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Hata hivyo uliacha mwanya: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa kwa masharti. Mataifa yaliyohusika yalimruhusu Mwafrika abaki na silaha ambayo hayakuiogopa.

Mfano wa Uhehe unadhihirisha tofauti hiyo. Tarehe 17 Agosti 1891, katika mapigano ya Lugalo, jeshi la Mkwawa liliangamiza kikosi cha Emil von Zelewski na kuteka bunduki za kisasa zipatazo 300. Utawala wa Kijerumani haukuweza kuziacha. Kalenga ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894, na msako uliendelea hadi Mkwawa alipojiua mwezi Julai 1898. Bunduki za Lugalo zilikuwa ushahidi wa kushindwa kwa dola, na dola ilizitafuta kwa sababu hiyo.

Vita vya Maji Maji, kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, vilipunguza hata magobore yaliyoruhusiwa. Wapiganaji wa kusini walitumia magobore pamoja na mikuki na mishale, na kusalimisha silaha kukawa sharti mojawapo la amani. Matokeo yake hayakuishia vitani. John Iliffe ameonyesha jinsi vifo, njaa na kuhama kwa watu kulivyowarudishia wanyamapori ardhi iliyokuwa ikilimwa. Sehemu kubwa ya nchi hiyo baadaye iliingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Mkulima aliyenyang'anywa gobore alibaki na kelele, moto na mitego dhidi ya nguruwe mwitu na tembo. Kwa sababu hiyo, katika kusini ya Tanzania, gobore linalokosekana nalo lina kumbukumbu yake.

Utawala wa Kiingereza ulirudi kwenye mantiki ya Brussels kwa njia ya vibali. Mwafrika wa kawaida alipata kibali cha gobore kwa urahisi kuliko cha bunduki ya kisasa, na sababu iliyokubalika mbele ya ofisa ilikuwa kulinda mazao au kuwinda. Sharti hili dogo la kiofisi lina uzito mkubwa kwa mtafiti wa kumbukumbu, kama inavyoelezwa katika sehemu ya 5.0.

4.0 Kuisoma silaha yenyewe

Kabla ya kusikiliza simulizi, mtafiti anapaswa kukichunguza kifaa. Chuma hubeba maandishi. Neno TOWER pamoja na taji katika mtambo wa kufyatulia huashiria bunduki za jeshi la Uingereza au nakala zake. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni alama ya ukaguzi ya Liège, Ubelgiji, mji uliotengeneza silaha nyingi za biashara ya Afrika. Mtutu usio na alama yoyote unaweza kuwa kazi ya mhunzi wa kienyeji aliyetumia bomba la chuma, ufundi ambao umeendelea hadi siku za karibuni.

Ugumu ni kwamba gobore ni kifaa cha kutengenezwatengenezwa. Kitako kikivunjika huchongwa kingine; mtambo wa gumegume huondolewa na kuwekwa wa fataki; mtutu ukipasuka hubadilishwa. Silaha inayoitwa “ya babu” inaweza kuwa na mtutu wa karne ya 19, kitako cha miaka ya 1950 na mtambo wa baadaye zaidi. Hilo haliifanyi simulizi ya ukoo kuwa uongo. Linaonyesha kwamba kinachorithiwa ni jina la kifaa na nafasi yake katika nyumba, huku chuma na mti vikiwa vimebadilika. Mtafiti hana budi kutenganisha nyakati tatu: wakati wa kutengenezwa kwa silaha, wakati wa matengenezo yake, na wakati ambao simulizi inadai kuueleza.

Mlolongo wa warithi nao ni ushahidi. Miongoni mwa Waluguru, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao ukoo wao huhesabiwa upande wa mama, gobore lililotoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa hufuata kanuni ya zamani ya urithi. Likikutwa limetoka kwa baba kwenda kwa mwana, huenda linaonyesha ni kizazi kipi kilichoanza kufuata kanuni nyingine, iwe ya dini au ya mahakama. Swali “ulilipata kwa nani?” linaweza kufichua mabadiliko ambayo swali la moja kwa moja juu ya mila lisingeyafikia.

5.0 Yanayosemwa na yanayonyamaziwa

Jan Vansina alisisitiza kwamba simulizi ni ushahidi unaohitaji kuhakikiwa kama ushahidi mwingine wowote. Kwa gobore, uhakiki huo unaanzia kwenye swali la nani aliulizwa kwanza, na kwa sababu gani. Katika kipindi chote cha vibali, mwenye gobore alitakiwa kueleza matumizi yake mbele ya mamlaka, na majibu salama yalikuwa machache: shamba na mawindo. Jibu lililorudiwa kwa ofisa lilikuwa na kila sababu ya kurudiwa nyumbani, mpaka likawa ndiyo historia ya ukoo. Babu mlinzi wa shamba na babu mwindaji ni picha za kweli, ila pia ni picha zilizoruhusiwa.

Nje ya picha hizo kuna mambo mazito. Silaha zilizoingia bara katika karne ya 19 zililipiwa kwa pembe za ndovu na, katika maeneo mengi, kwa watu waliotekwa. Rugaruga alilinda na pia aliteka. Wapo watumwa waliopewa bunduki na mabwana zao wakapigana katika misafara, kama inavyodhihirika katika tawasifu ya Tippu Tip. Kwa hiyo gobore moja linaweza kuwa limetoka kwa mtekaji, kwa mtekwa, au kwa mtu aliyekuwa vyote viwili kwa nyakati tofauti. Ukoo unaosema tu kwamba silaha “ilitoka pwani” huenda unasema kweli yote inayoweza kusemwa bila kuwaaibisha majirani au kujiaibisha wenyewe.

Mtafiti hana haki ya kuulazimisha ukoo kuungama, lakini hana haki pia ya kuandika kimya kama ushujaa. Anaweza kupanua duara la wanaoulizwa. Wajane na mabinti, ambao mara nyingi hubaki na kifaa mwenye nyumba anapofariki, hawakutajwa katika kibali na kwa kawaida hawaulizwi. Wao hawakuwa na jibu la kumpa ofisa, na kwa hiyo kumbukumbu zao hazikulazimika kufuata mkondo wa kibali.

6.0 Usalimishaji na hatima ya ushahidi

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Mwenye leseni anapofariki, warithi hawaruhusiwi kuendelea kukaa na silaha kwa sababu tu ilikuwa ya baba yao. Mara kwa mara Jeshi la Polisi hutangaza muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Hofu ya dola ina msingi: magobore hutumika katika ujangili na uhalifu, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazibana nchi wanachama kudhibiti na kuharibu silaha haramu. Hoja ya urithi haiwezi kuwa kinga dhidi ya sheria.

Hata hivyo, silaha ikiteketezwa bila kuandikwa, hati huchomwa pamoja nayo. Hapa kuna tofauti inayostahili kuangaliwa. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarejeshwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga. Kumbukumbu ya mtawala ilipata kifungu cha mkataba na nyumba ya makumbusho. Kumbukumbu ya mpagazi, mwindaji na mkulima haina hata ukurasa mmoja katika kituo cha kusalimishia silaha. Ukurasa huo ungetosha: picha ya kifaa na alama zake, dalili za matengenezo, mlolongo wa waliolishika, mahali lilipotoka, na maelezo ya familia kwa maneno yake. Machache yenye thamani ya pekee yangeweza kuondolewa uwezo wa kufyatua na kupelekwa Kalenga au Makumbusho ya Maji Maji, Songea. Polisi wangepata silaha waliyoitaka, na historia isingepotea.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba gobore la ukoo ni zao la biashara ya dunia ya karne ya 19, la mkataba wa kimataifa uliolihesabu kuwa dhaifu, na la utawala wa vibali uliowafundisha wenye nalo namna ya kulieleza. Kumbukumbu zake si za kupuuzwa wala za kupokewa bila kuulizwa. Thamani yake kwa mwanahistoria imo katika mwachano kati ya chuma, simulizi na sheria: pale vitatu hivyo visipokubaliana ndipo maswali ya utafiti huanzia. Muda wa kuyauliza unapungua, kwa kuwa kila gobore linalosalimishwa bila maelezo huacha ukoo ukiwa na simulizi isiyo na kifaa, na dola ikiwa na kifaa kisicho na simulizi.