Jina la Cheo na Kazi ya Cheo: Kijiji cha Phulera katika Mchezo wa Panchayat

Mnamo tarehe 3 Aprili 2020, watu wa India walipokuwa wamezuiliwa majumbani kwa sababu ya maradhi ya korona, huduma ya Amazon Prime Video ilitoa kwa mara moja sehemu nane za mchezo wa kuchekesha uitwao Panchayat. Mchezo huo ulitengenezwa na kampuni ya The Viral Fever, ukaandikwa na Chandan Kumar na kuongozwa na Deepak Kumar Mishra. Wahusu kijana wa mjini, Abhishek Tripathi, ambaye kwa kukosa kazi bora akubali ukarani wa baraza la kijiji cha Phulera kwa mshahara wa rupia 20,000 kwa mwezi. Phulera ni kijiji cha kubuniwa, kilichowekwa katika wilaya ya Ballia, jimbo la Uttar Pradesh. Kwa nje ni kisa cha mgeni asiyezoea shamba. Kwa ndani mna swali zito zaidi: je, cheo ni cha yule aliyeandikwa jina, au ni cha yule aifanyaye kazi?

Ili kulifahamu swali hilo yapasa kutazama kwanza historia ya baraza lenyewe. Neno panchayati lina asili yake katika neno la Kisanskriti lenye maana ya tano, nalo latokana na desturi ya kale ya wazee watano kukaa na kuamua mashauri ya kijiji. Baraza la namna hiyo lilikuwa la wanaume. Mwaka 1992 katiba ya India ilirekebishwa kwa mara ya 73, na tangu tarehe 24 Aprili 1993 sheria iliamuru kwamba theluthi moja ya viti vya mabaraza hayo, hata na vya wakuu wake, isipungue kuwa ya wanawake. Kwa njia hiyo zaidi ya wanawake laki kumi wamepata kuchaguliwa. Na neno hilo laki, ambalo Waswahili walilipokea kutoka pwani za India, lafaa hapa pasipo tafsiri. Lakini desturi haikukubali kushindwa upesi. Mahali pengi mke alichaguliwa, na mume ndiye aliyeketi barazani, akatoa amri, na watu wakamwita mkuu. Mke alibaki amevikwa kilemba cha ukoka.

Hali hii ndiyo ya Phulera. Mkuu aliyechaguliwa ni Manju Devi, ambaye nafasi yake yachezwa na Neena Gupta. Lakini anayeitwa mkuu na kila mtu ni mumewe, Brij Bhushan Dubey, achezwaye na Raghubir Yadav. Mchezo haumwonyeshi mume kuwa mtu mwovu. Ni mzee mwenye huruma na hila ndogo ndogo, na kwa sababu hiyo mtazamaji hukaa naye sehemu nyingi akicheka habari za ufunguo wa ofisi uliopotea na mti unaodhaniwa kuwa na shetani, bila kukumbuka kwamba cheo si chake. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza ndipo kicheko kinapogeuka kuwa hukumu. Ni sikukuu ya Jamhuri, tarehe 26 Januari; mkuu wa wilaya, naye mwanamke, afika kijijini na kutaka bendera ipandishwe na mkuu halisi. Manju Devi, aliyejifunza wimbo wa taifa kwa taabu, asimama mbele ya watu na kuuimba.

Yafaa kulinganisha njia hii ya kusema na njia iliyotangulia. Kuanzia Agosti 1975 hata Julai 1976, serikali ya India, kwa setilaiti iliyoazimwa kutoka Marekani, ilipeleka televisheni katika vijiji vipatavyo 2,400 vya majimbo sita. Chombo kimoja kiliwekwa mahali pa watu wote, na wanakijiji walikusanyika kufundishwa kilimo, afya na uzazi wa mpango. Jimbo la Madhya Pradesh lilikuwa mojawapo ya hayo sita. Na katika jimbo hilo hilo, katika kijiji cha Mahodiya, wilaya ya Sehore, ndiko Panchayat ulikopigiwa picha. Wakati ule kijiji kilikuwa mwanafunzi, na msemaji alikuwa mjini. Katika mchezo huu mtu wa mjini ndiye anayejifunza.

Tofauti ya pili ni ya malipo. Televisheni ya 1975 ilitazamwa bure na kwa pamoja. Panchayat hutazamwa kwa idhini: kampuni yawalipa watengenezaji, na mtazamaji alipa ada. Jambo hilo liliwezekana kwa wengi baada ya mwaka 2016, bei ya intaneti ya simu iliposhuka sana nchini humo. Ada humfungia mlango asiye nacho, na hilo si dogo kwa mchezo uwahusuo wanakijiji. Hata hivyo njia ya halali ina faida isiyopatikana katika nakala za wizi: mwandishi na wachezaji hupata haki yao, majina yao hubaki yameandikwa, na mgeni asiyejua Kihindi husoma tafsiri chini ya picha. Tafsiri hiyo, lakini, haiwezi kuonyesha yote, kwa maana Kihindi cha karani na Kihindi cha wazee wa Phulera, chenye ladha ya lugha za mashambani, si kimoja, na sehemu ya kicheko imo katika pengo hilo.

Msimu wa nne, uliotolewa Juni 2025, waonyesha uchaguzi ambamo Manju Devi ashindana na mwanamke mwingine, Kranti Devi, naye ashindwa. Wagombea wote wawili ni wanawake, na vita vyote ni vya waume zao. Miezi michache kabla yake, Machi 2025, wizara ya serikali ya India inayosimamia mabaraza ya vijiji ilikuwa imekwisha kushirikiana na kampuni hiyo hiyo, na Neena Gupta akacheza katika filamu fupi inayouliza mkuu wa kweli ni nani. Hivyo serikali, ambayo nusu karne nyuma ilipeleka mafunzo kijijini kwa setilaiti, ilikuja kuazima kicheko ili ifundishe. Sheria ilikwisha kumpa mwanamke jina tangu mwaka 1993. Mchezo uliwafanya watazamaji waone haya kwa kutomwita kwa jina hilo.