Maji na Njia Kabla ya Tuta: Bustani ya Uani kwa Watu wa Kila Umri na Hali katika Pwani ya Mchinga

Miongozo mingi ya bustani fikivu huanza na tuta lililoinuliwa, ili mtu alime akiwa amesimama au ameketi. Kwa Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, huko ni kuanzia mwisho. Makala haya yanadai kuwa vizuizi vikuu vya bustani ya nyumbani katika pwani hii ni umbali wa maji na ulaini wa mchanga. Visipoondolewa hivyo, tuta zuri litabaki la kutazamwa tu.

Ua wa nyumba una uzito mkubwa kuliko unaopewa. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilizikusanya pamoja familia nyingi za mikoa ya Lindi na Mtwara, na mashamba ya korosho na muhogo yakabaki mbali na nyumba. Asiyeumudu mwendo huo, awe mzee, mjamzito au mtumiaji wa kiti mwendo, hulikosa shamba hata kama ni lake kwa haki. Ardhi anayoweza kuifikia kila siku ni ile iliyo nyuma ya jiko. Hapo mchicha, bamia, matembele na mlonge vinaweza kumrudishia nafasi yake ya mlishaji wa nyumba.

Tuanze na maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, mzigo usiofaa kwa mtoto wala kwa bibi mwenye magoti mabovu, na visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi. Mvua za Lindi, takribani milimita 900 kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Novemba na Mei. Paa la bati la mita za mraba 40 hupokea lita 36,000 za mvua hiyo. Hata tukiondoa sehemu ya tano kwa upotevu, zinabaki karibu lita 29,000. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika hutoa lita 33 kwa siku kwa miezi 5 ya kiangazi, zinazotosha matuta mawili madogo iwapo udongo umefunikwa kwa makumbi ya nazi. Tangi likae juu ya jukwaa, na bomba lake liwe na koki ya mkono mrefu, inayofunguka hata kwa kiwiko. Mtoto atateka kwa kopo la lita moja, na babu ataelekeza mpira akiwa kitini. Bustani za magunia zilizoenea Kibera, Nairobi, baada ya 2008 zilijibu ufinyu wa nafasi. Mchinga nafasi ipo, na gunia lisilo na maji karibu humwongezea mtu safari za kisimani.

Njia inafuata. Magurudumu na mikongojo huzama mchangani, kwa hiyo pashindiliwe kifusi chenye saruji kidogo, upana usiopungua sentimita 90, na palipo na mwinuko, kila sentimita moja ya kupanda ipewe urefu wa sentimita 12. Ukingo wa magogo ya minazi iliyozeeka humwongoza asiyeona kwa fimbo yake, na mrehani uliopandwa penye kona humjulisha alipofika. Matumbawe ya baharini yasing'olewe kwa kazi hii, kwani ndiyo mazalia ya samaki.

Njia hiyo ina maana ya pekee pwani, ambako matende bado yanawasumbua watu. Mguu wenye matende unahitaji kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa na kukingwa na michubuko, kwa sababu kila mchubuko ni mlango wa vijidudu. Mndimu wenye miiba ukae pembeni kabisa. Maji ya bafuni yasiachwe yatuame kwenye migomba, maana mbu wanaoeneza ugonjwa huo huzaliana katika maji machafu. Tangi nalo lifunikwe kwa wavu.

Tuta lenyewe ni kazi nyepesi: kimo cha sentimita 60 hadi 70, upana wa sentimita 60 likifikiwa upande mmoja au 120 likifikiwa pande mbili, na makumbi chini ili udongo usihitajike mwingi. Liwe kivulini saa za mchana. Kivuli hicho hufaa kwa mboga na kwa mzee, na kwa mtu mwenye ualbino ni sharti.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeweka mkazo kwenye majengo na huduma za umma, na nyumba imeachiwa familia. Lakini halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Maofisa ugani na wa maendeleo ya jamii wavisaidie vikundi hivyo kuandika maombi ya miradi ya mboga, na gharama ya kwanza katika kila ombi iwe mifereji ya paa na tangi.